Kichwa Chini, Miguu Juu

Mwezi uliopita mama mmoja wa makamo alitoka Pangani alfajiri, akafika kliniki yangu ya maradhi ya ubongo kabla ya saa nne, akamkalisha mbele yangu kijana wake wa Kidato cha Sita, na baada ya kuamkiana na kujuliana hali akaniuliza, kwa adabu na kwa sauti ya mtu anayetaka kuambiwa kipimo tu wala hana shaka na dawa yenyewe: "Daktari mwanangu, nimwekee dakika ngapi kwa siku, ishirini au thelathini?" Nilipouliza dakika za nini, ndipo nilipoarifiwa kwamba kijana huyu, tangu mwandamo wa Rajabu, kila jioni hufungwa miguu kwa kamba ya katani iliyopitishwa juu ya boriti ya mkoko barazani kwao, vifundo vya miguu vikiwa vimevingirishwa kanga kuukuu ili kamba isimchubue, akaning'inizwa kichwa chini mithili ya popo, kwa kusudi kwamba damu iteremke ubongoni, kumbukumbu iamke, na maumivu ya kichwa yanayomsumbua kila asomapo yaondoke kabla ya mtihani. Weupe wa jicho lake la kushoto ulikuwa umetapakaa damu, nyekundu kama ua la mkomamanga.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu kwa mwezi ule. Kabla yake alinijia mwalimu mstaafu aliyepatwa na kiharusi, ambaye wanawe walikuwa wameinua upande wa miguu wa kitanda chake kwa matofali manne, ili damu irudi pale ilipokatika. Na baina ya mwalimu na kijana alikuja mfanyabiashara aliyetaka shauri langu kabla ya kununua kitanda cha chuma cha kumpindulia mtu, ambacho muuzaji wake hukitangaza katika simu za watu kwamba chazuia usahaulifu, chaongeza akili za watoto na kurudisha ujana. Wote watatu waliniuliza swali moja kwa lafudhi tatu: damu ya kichwani iongezwe kwa kadiri gani? Nimekwisha kulijibu kwa mdomo kwa miaka mingi, mpaka nimechoka kulijibu. Na maadamu muuzaji hachoki kulinadi jibu lake, nimeona ni wajibu wangu niliandike langu.

Itikadi hii haikuzuka hivi hivi, nami simdharau aliyeishika, maana ina shina la kweli. Mtu asimamapo ghafla baada ya kuugua, au asimamapo juani kwa muda mrefu bila ya kula wala kunywa, damu hutuama miguuni, presha huanguka, na ubongo, ulio kiasi cha sentimita 30 juu ya moyo, hukosa nguvu ya kufikiwa. Mtu huona giza, akaanguka. Mlaze chali, muinulie miguu, na baada ya muda mfupi atafumbua macho na kuuliza yuko wapi. Kila mtu ameliona jambo hili walau mara moja, msibani au shuleni, na aliyeliona huwa mwepesi wa kukata kauli kwamba ikiwa damu kidogo yaleta giza, basi damu nyingi sharti ilete nuru. Hapo ndipo kosa lilipo. Miguu ya aliyezimia huinuliwa ili arejeshewe alichopungukiwa, wala si ili azidishiwe juu ya haki yake. Na baina ya kumwagilia mche ulionyauka na kuugharikisha mche ulioshiba, kila mkulima ajua tofauti.

Ubongo wa mtu mzima ni sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini huchukua takriban sehemu 15 katika 100 za damu yote inayotolewa na moyo, yaani kadiri ya robo tatu ya lita kila dakika, usiku na mchana, mtu akisoma au akikoroma. Kiungo chenye haki kubwa namna hii hakikuachwa na Muumba wake kingojee kufungwa kamba. Mishipa inayopeleka damu ubongoni ina misuli katika kuta zake, nayo hujikaza presha ipandapo na kujilegeza presha ishukapo, kila mara, bila ya mwenyewe kujua. Mwaka 1959 Niels Lassen, tabibu wa Denmark, alikusanya vipimo vya wenzake na vyake, akaonyesha kwamba presha ya wastani ikiwa ya chini kiasi cha milimita 60 za zebaki au ya juu kiasi cha 150, damu ipitayo ubongoni hubaki takriban ile ile. Watafiti waliomfuatia wameupunguza upana wa mipaka hiyo, lakini kanuni yenyewe imesimama. Na kwa mintarafu ya kufikiri, miaka minne kabla ya hapo, yaani 1955, Louis Sokoloff na wenzake huko Marekani waliwapima watu wenye afya walipokuwa wamepumzika, kisha walipokuwa wakipiga hesabu kichwani, na damu ya ubongo mzima haikuongezeka. Kinachofanyika mtu akifikiri ni ugawaji: mtaa wa ubongo ulio kazini hufunguliwa mfereji zaidi, na mitaa mingine hubaki na riziki yake ya kila siku.

Lakini muuzaji wa kitanda atasema: hata hivyo, mtu akipinduliwa, si damu huteremka? Huteremka, na uso wake hujaa na kuwa mwekundu au mweusi zaidi, na mishipa ya paji humsimama, na yeye mwenyewe husikia mapigo masikioni. Na hayo yote ni dalili za damu iliyokwama, ambazo watu huzidhania kuwa dalili za damu iliyofika. Tafadhali msomaji atulie hapa, kwa sababu hapa ndipo hoja nzima ilipo. Damu haiendi ubongoni kwa sababu ya presha iliyo kwenye mlango wa kuingilia peke yake. Huenda kwa sababu ya tofauti iliyopo baina ya presha ya mlango wa kuingilia na presha ya mlango wa kutokea. Mtu akiwa kichwa chini, uzito wa damu iliyo katika mishipa inayoingia humlemea kwa milimita 20 na ushei, na uzito wa damu iliyo katika mishipa inayotoka, yaani vena, humlemea vile vile kwa kadiri hiyo hiyo, maana mishipa hii na ile ina urefu mmoja. Umetia kilo moja katika sahani hii ya mizani na kilo moja katika sahani ile: mizani haikuinama. Tofauti haikuongezeka, na mbio za damu hazikuongezeka. Kilichoongezeka ni presha ndani ya fuvu, basi.

Na fuvu ni sanduku la mfupa lisilotanuka. Alexander Monro wa Edinburgh aliliandika jambo hili mwaka 1783, na George Kellie akalitilia nguvu mwaka 1824, na mpaka leo wanafunzi wetu wa utabibu hulikariri kwa majina ya mabwana hao wawili: ndani ya sanduku mna wapangaji watatu, ubongo wenyewe, damu, na yale maji masafi yauzungukayo ubongo na uti wa mgongo, na mmoja akizidi hana budi mwingine apungue, ama sivyo presha ipande. Maji hayo ni kiasi cha mililita 150 kwa mtu mzima, lakini mwili hutengeneza takriban mililita 500 kwa siku, hivyo hubadilishwa yote zaidi ya mara tatu baina ya alfajiri na alfajiri. Kazi yake ya kwanza ni kuuelesha ubongo, ambao nje ya maji ungekuwa na uzito wa kiasi cha gramu 1,400, ilhali ndani yake hulemea kama gramu 50 tu. Nayo hutoka kwa kuingia katika vena. Ikiwa vena zimejaa na presha yake imepanda, maji yatatokea wapi?

Asiyeniamini na autazame mkono wake mwenyewe. Uteremshe ubavuni, uuache uning'inie kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini, utaona vena za mgongo wa kiganja zimetuna na kusimama kama kamba chini ya ngozi. Sasa uinue polepole mbele yako, bila ya kukunja ngumi. Utakapofika usawa wa kifua au juu yake kidogo, vena zile zitanywea, moja baada ya moja, na ukiufikisha juu ya kichwa hutaziona tena, bali utaona mifereji mitupu mahali zilipokuwa. Mkono haukukauka damu. Damu yaingia kama kawaida, na kutoka kwake sasa kwasaidiwa na mvutano wa ardhi. Shingoni ndivyo mambo yalivyo. Mtu akilala, vena kuu mbili za shingo hufunguka na kujaa, na damu ya ubongo hupita humo. Akiketi au akisimama hunywea, na damu hiyo ikashika njia nyingine, ile ya mtandao wa vena uliouzunguka uti wa mgongo. Presha ya ndani ya fuvu, ambayo kwa mtu aliyelala huwa baina ya milimita 7 na 15, kwa mtu aliyesimama hushuka ikakaribia sufuri. Kwa hiyo mwanadamu mwenye afya hulala theluthi moja ya siku presha ya kichwa ikiwa juu kidogo, na huketi na kusimama theluthi mbili presha ikiwa chini. Na kupokezana huko kwa kulala na kuamka ndiko kulikotulea tangu kuumbwa.

Twaweza kujua kinachompata mtu akinyimwa kupokezana huko, maana wamo watu walionyimwa kwa miezi sita mfululizo, nao ni wanaanga. Niondoe kwanza kosa dogo: kituo cha kimataifa cha anga za juu huzunguka kiasi cha kilomita 400 juu ya vichwa vyetu, na mvutano wa ardhi huko juu haujapotea, umepungua kama sehemu moja tu katika kumi. Wanaanga huelea kwa sababu kituo na wao waanguka pamoja bila ya kukoma, wakiizunguka dunia pasipo kuifikia. Katika hali hiyo hakuna juu wala chini, damu haina miguu ya kutuamia, na kadiri ya lita mbili za maji ya mwili huhama kutoka miguuni kwenda kifuani na kichwani. Nyuso zao hujaa, pua huziba kama za mwenye mafua, na miguu hukonda mpaka wenyewe huiita miguu ya ndege. Kwa maneno mengine, hawa ni watu waliopewa bure, na kwa muda mrefu, kile ambacho kijana wa Pangani alikuwa akikitafuta kwa kamba ya katani.

Lau itikadi ya damu kichwani ingekuwa kweli, wangerudi wakiwa mahodari wa kumbukumbu kupita watu wote. Walirudi wakiomba miwani. Mwaka 2011 Thomas Mader na wenzake walichapisha habari za wanaanga 7 waliokaa angani miezi sita: watano kati yao walikuwa na uvimbe mahali mshipa wa fahamu wa jicho unapoingia katika jicho, watano jicho lilikuwa limebonyea kwa nyuma, na sita uoni wao wa karibu ulikuwa umebadilika. Hawa walikuwa watu waliochujwa kwa afya kupita askari. Mwaka 2017 Donna Roberts, mtaalamu wa picha za mwili, alilinganisha picha za ubongo za wanaanga 34 kabla ya safari na baada yake, na katika wale 18 waliokaa muda mrefu, 17 walionekana mfereji wa katikati juu ya ubongo wao umebanwa, na katika wale 16 wa safari fupi, watatu tu; tena kwa waliokaa muda mrefu ubongo wenyewe ulionekana umesogea juu ndani ya fuvu. Na utafiti wa 2023 juu ya wanaanga 30 ulionyesha kwamba vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo hutanuka, na kwamba waliorudi angani kabla ya kupita miaka mitatu vyumba vyao havikuwa na nafasi ya kutanuka tena kama vya wenzao. Nasema miaka mitatu, si siku tatu.

Habari inayonishughulisha zaidi kuliko hizo ni ya vena za shingo. Wanaanga 11 walipimwa shingo zao kwa mashine ya mawimbi ya sauti huko huko angani, na ilipofika kama siku ya 50, sita kati yao damu katika vena ya shingo ama ilikuwa imesimama, ama ilikuwa ikirudi ilikotoka. Mmoja alikuwa amepata donge la damu iliyoganda. Tafakari jambo hili: mtu mzima mwenye afya kamili, mbali na hospitali yoyote, ana donge shingoni, na dawa iliyomo chomboni ni vichupa vichache vya sindano ya kuzuia damu kuganda, ambavyo hata kuvuta dawa yake ndani ya bomba la sindano ni shida mahali ambapo maji hayashuki chini ya chupa. Alitibiwa kwa vichupa hivyo kwa kuhesabiwa, mpaka chombo cha mizigo kilipompelekea vidonge. Alipona na kurudi salama. Habari hizo zilipochapishwa, mwaka 2019 na 2020, niliwasomea wanafunzi wangu darasani kwa sauti, kwa sababu zathibitisha kwamba mvutano wa ardhi, ambao sisi huuona kuwa ni mzigo unaotuvuta chini, ndio unaotufanyia usiku na mchana kazi ya kuukamua ubongo damu iliyokwisha kutumika.

Sitaki msomaji adhani kwamba presha ya ubongo angani huwa ya kutisha. Hilo nalo ni kosa, na wenzangu wengi wa utabibu walikuwa nalo. Justin Lawley na Benjamin Levine wa Dallas waliwapandisha watu waliojitolea, ambao kwa ugonjwa wa zamani walikuwa wamewekewa chini ya ngozi ya kichwa kijimfuko kinachofika kwenye maji ya ubongo, katika ndege ipandayo na kushuka kwa upinde hata abiria wakose uzito kwa sekunde ishirini hivi. Presha ya fuvu ilikuwa takriban milimita 4 walipoketi, 15 walipolala chali, na 13 walipokosa uzito. Basi angani presha yashuka kidogo kuliko kitandani! Ila kitandani mtu huamka. Angani haamki abadani. Hakuna saa hata moja ya kuteremka mpaka 4, na milimita hizo 13 zisizopumzika, siku baada ya siku, ndizo yamkini zinazolivimbisha jicho na kuusogeza ubongo. Warusi kitambo walikwisha kutengeneza suruali iitwayo Chibis, ambayo hunyonya hewa kuzunguka miguu na kuivuta damu irudi chini kwa muda. Na huko Köln nchini Ujerumani watu wamewahi kulipwa walale siku 60 kitanda kikiwa kimeinamishwa nyuzi 6 upande wa kichwa, ili madaktari wajifunze madhara haya na njia za kuyakinga. Nyuzi 6, kwa mwendo huo, ni utafiti wa maradhi. Muuzaji wetu anauza nyuzi 90 kama tiba.

Na aliye mbali na habari za anga na amtazame twiga, ambaye ni wa kwetu. Shingo yake ya mita mbili humlazimisha kuwa na presha ya damu kadiri ya mara mbili ya yetu ili damu iufikie ubongo. Na anywapo maji mtoni, akiwa amepanua miguu ya mbele na kukishusha kichwa chini kabisa ya moyo, ingestahili kichwa kile kifurike. Hakifuriki, kwa kuwa vena zake za shingo zina vilango vinavyozuia damu kurudi, na chini ya ubongo mna wavu wa mishipa midogo; na ili miguu nayo isivimbe, ngozi yake imekaza kama soksi ya mgonjwa, jambo ambalo Alan Hargens na wenzake walilipima na kulichapisha mwaka 1987. Zana zote hizo amepewa mnyama anayeinama kwa muda wa kunywa tu, na hata hivyo hakawii kuinua kichwa. Sisi hatukupewa.

Fauka ya hayo, kuna jicho. Presha ya ndani ya jicho hupanda mara mtu apinduliwapo. Huko India wataalamu waliwapima watu 75 waliozoea kusimama kwa kichwa katika mazoezi ya yoga, na habari zao zilizochapishwa 2006 zasema presha ya macho yao iliongezeka mara mbili walipokuwa katika hali hiyo. Wenye presha ya macho katika nchi zetu ni wengi, na wengi wao hawajui, kwa sababu ugonjwa huo hula uoni polepole kutoka pembeni bila ya kuuma. Kumning'iniza mtu wa namna hiyo dakika thelathini kila jioni ni kumpunguzia nuru kwa mikono yako mwenyewe, nawe ukidhani wamtendea wema. Ile damu katika weupe wa jicho la kijana ilikuwa ya kimshipa kidogo kilichopasuka, haina madhara yenyewe. Lakini ilikuwa barua, na mama yake alikuwa bado hajaisoma.

Kwa upande wa kiharusi, hata sura ya upole kabisa ya itikadi hii imekwisha kupimwa. Wagonjwa 11,093 wa kiharusi katika nchi 9 waligawanywa, wengine wakalazwa bapa kabisa ili damu ifike ubongoni kwa wepesi, wengine wakainuliwa kichwa nyuzi 30 au zaidi, kwa saa 24. Matokeo yalichapishwa 2017, na baada ya miezi mitatu hapakuwa na tofauti ya ulemavu wala ya vifo baina yao. Wale walilazwa bapa tu, chini ya macho ya wauguzi. Yule mwalimu mstaafu alikuwa ameteremshwa kichwa chini ya miguu, akinyweshwa uji akiwa hivyo hivyo, na uji ule ulikuwa ukimwingia mapafuni. Niliyaondoa matofali kwa maneno makali ambayo baadaye niliwaomba radhi wanawe, maana walikuwa wakimpenda baba yao.

Sasa yafanywayo, kwa haraka, kwa kuwa hayana siri. Aliyezimia: mlaze chali, inua miguu dakika chache, akizinduka aketi kwanza ndipo asimame, na apimwe presha na sukari. Anayeona kizunguzungu kila asimamapo: anywe maji ya kutosha, aamke kwa hatua, na apeleke dawa zake za presha zikaangaliwe upya, asiziache kwa shauri lake. Aliyepindika mdomo au kulegea mkono ghafla: angalia saa, mkimbize hospitali, usimpe chakula wala kinywaji mpaka apimwe kumeza; dawa ya kuyeyusha donge, mahali ilipo, ina muda wa saa nne na nusu, na matofali yanazila saa hizo. Maumivu ya kichwa yanayomwamsha mtu alfajiri, yakizidi alalapo au ainamapo, pamoja na kutapika au macho kufifia: hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto mchanga ambaye kichwa chake chakua kupita kiasi na macho yatazama chini: hana haja ya kulazwa hivi wala vile, ana haja ya upasuaji, na hospitali iliyoko Mbale nchini Uganda imepata sifa ulimwenguni kwa kuufungulia maji hayo njia mpya kwa darubini ndogo badala ya kumtia mtoto mpira wa maisha. Mwenye presha ya macho: asipinduliwe, na kichwa akiinue kidogo kwa mto alalapo. Wanaouliza kuhusu sijida, nao ni wengi: ni sekunde chache, mishipa huzimudu, sali kwa raha, aliyepasuliwa jicho afuate neno la daktari wake wa macho, na sheria imemruhusu kuketi. Mto mmoja, miwili au bila mto, kwa mwenye afya, ni hiari ya shingo yake. Kitanda cha chuma: usinunue. Na msahaulifu apimwe damu, sukari na macho, na aulizwe hulala saa ngapi.

Kijana wa Pangani nilimpima hayo. Macho yake yalikuwa salama, isipokuwa ile damu. Nilipomvuta chini kope ya jicho, ndani palikuwa peupe kama karatasi, na kiganja chake kilikuwa hivyo hivyo. Damu yake ikawa gramu 7.8 kwa desilita, ilhali ya kijana wa umri wake hupita 13, na choo kikatoa mayai ya safura. Hulima bustani ya mchicha ya mama yake pekupeku, asubuhi kabla ya shule. Na mwenye damu nyepesi namna ile, ubongo wake huwa umekwisha kujiongezea mfereji ili kufidia upungufu, kwa hiyo kijana huyu aliyefungwa kamba ili damu imfike kichwani alikuwa, hata kabla ya kufungwa, akipokea kichwani damu nyingi kuliko mimi niliyekuwa nikimtazama. Wingi haukumpungukia, kilichopungua kilikuwa ndani ya damu yenyewe. Nilimpa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma vya miezi mitatu, na viatu vya mpira mama yake akamnunulia sokoni siku ile ile.

Juma lililopita walirudi. Damu imefika 9.9, jicho limetakata, na kichwa chamuuma mara moja moja tu. Mama aliketi, akakunja kanga yake magotini, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Daktari mwanangu, na wadogo zake wanne, wanaolima naye pale pale?" Nikamwambia awalete wote Jumatatu, na kila mmoja aje na choo chake katika kikopo.